Siku tisa za kusoma ila: safari ya mabakuli ya chai ya Japani

Siku ya 1: Tokyo

Safari inaanzia Ueno, katika Makumbusho ya Taifa ya Tokyo, mbele ya bakuli la Kichina liitwalo Bakohan. Ni la kijani laini, limetoka kwenye matanuri ya Longquan zama za nasaba ya Song ya Kusini. Msomaji wa pwani yetu anawajua ndugu zake, kwani vigae vya Longquan vimefukuliwa Gede na Kilwa pia. Hili la Ueno lina nyufa kitakoni, na nyufa zimeshikwa kwa vibanio vya chuma. Maandishi ya msomi Ito Togai ya mwaka 1727 yanasimulia kwamba shogun, yaani mtawala wa kijeshi, Ashikaga Yoshimasa alilirudisha China akiomba jingine mfano wake. Huko halikupatikana la kulifikia, basi likabanwa kwa chuma na kurejeshwa. Watu waliviona vile vibanio kama panzi mkubwa aliyetua ubavuni, na jina likatoka humo.

Wengi husema Wajapani wanapenda vitu vilivyovunjika. Usemi huo unapotosha. Kila ila kwenye bakuli la chai ina chanzo chake katika udongo, moto, jivu au mkono, na watu wa chai, yaani wanaoshika desturi ya kuandaa na kunywa chai kwa taratibu maalumu, walizichambua kama mtu anavyochambua mchele: hii ibaki, hii itupwe. Siku hizi tisa ni za kujifunza kuzichambua.

Alasiri nenda Nihonbashi, kwenye Makumbusho ya Mitsui, kunakohifadhiwa Unohanagaki, bakuli la aina ya shino, yenye utando mweupe mzito. Mabakuli ya chai yenye hadhi ya hazina ya taifa ni manane tu: matano ya China, moja la Korea, mawili ya Japani, na hili ni mojawapo ya hayo mawili. Haliwekwi hadharani mwaka mzima, kwa hiyo angalia ratiba kabla ya kukata tiketi ya ndege.

Kabla ya kulala, jifunze kushika. Mbele kuna maduka na karakana ambako utakabidhiwa chombo cha zamani mkononi. Vua pete, saa na bangili. Piga magoti, egemeza viwiko mapajani, na bakuli lisipande zaidi ya shubiri moja juu ya mkeka, ili likiponyoka lisiwe na umbali wa kuanguka. Mkono mmoja chini ya kitako, mwingine ubavuni. Usilinyanyue kwa mdomo kamwe, maana huko ndiko nyufa nyembamba hujificha. Tazama uso wa mbele, kisha ndani, na mwisho kabisa ligeuze uone kitako. Hapo udongo umeachwa uchi, na mjuzi hutambua chombo kimetoka wapi kwa kutazama hapo tu.

Siku ya 2: Tajimi na Toki

Treni ya kasi hadi Nagoya, halafu njia ya reli ya JR Chuo hadi Tajimi, mkoa wa Gifu. Hii ni Mino, nchi ya shino na oribe, aina mbili za vyombo vya chai. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba vyombo hivi vilitoka Seto, upande wa pili wa vilima. Mwaka 1930 mfinyanzi Arakawa Toyozo aliokota kwenye mabaki ya tanuri la Mutabora kigae cha shino chenye mchoro wa chipukizi la mwanzi, na kigae hicho kimoja kikabadilisha historia yote.

Shino hufinyangwa kwa udongo mweupe uitwao mogusa. Juu yake hupakwa utando mzito wa kioo ambao karibu wote ni feldispa, madini ya mwambani, iliyosagwa. Feldispa peke yake huyeyuka kwa shida, na hata ikiiva hubaki nzito kama uji wa muhogo. Gesi inapotoka kwenye udongo huutoboa utando, lakini utando hauna wepesi wa kurudi kuziba. Vinabaki vitundu ambavyo Wajapani huviita ngozi ya yuzu, tunda la ukoo wa ndimu. Pale utando ulipo mwembamba, hasa mdomoni na penye alama za vidole, chuma kidogo kilichomo udongoni hujitokeza kwa wekundu wa moto.

Kiwandani sahani yenye vitundu hivyo huishia jaani. Kwa watu wa chai swali ni viko wapi na vina ukubwa gani. Nje ya bakuli, vidole huvifurahia. Ndani, vikiwa vikubwa, unga wa chai hukwama humo na ncha za ufagio wa mwanzi unaochanganyia chai hukatika. Hiyo ndiyo ya kutupa.

Toki iko karibu, na huko kuna mabaki ya tanuri la Motoyashiki, la ngazi, lenye vyumba vinavyopanda mlima kimoja baada ya kingine. Ujuzi wake uliletwa kutoka Karatsu. Humo vilichomwa vyombo vinavyobeba jina la Furuta Oribe (aliyefariki 1615), mwanafunzi wa Sen no Rikyu, bwana mkuu wa chai: kijani cha shaba, michoro ya chuma, na mabakuli yaliyopinda kama kiatu. Kamiya Sotan, mfanyabiashara wa Hakata, aliandika katika shajara yake ya mwaka 1599 kwamba kwa Oribe alinyweshwa chai katika bakuli la Seto lililokwenda kombo, akaliita kitu cha kuchekesha.

Hapa ila imekuwa ya makusudi, na inatambulika. Bakuli la oribe hufinyangwa duara kwenye gurudumu, kisha husukumwa likiwa bado bichi. Mistari ya gurudumu hupinda pamoja na ukuta bila kukatika, na kitako hubaki kimetulia. Lililopindishwa na moto kwa bahati mbaya huwa limelegea hadi chini. Ukiliweka mkekani linayumba. Duka linalokuuzia bakuli linaloyumba kwa bei ya oribe linakuuzia ajali.

Siku ya 3: Kyoto

Siku nzima ni ya raku, mabakuli ya chai yanayofinyangwa kwa mkono, na haitoshi.

Makumbusho ya Raku, yaliyofunguliwa 1978, yako mtaa wa Aburanokoji kando ya nyumba ya ukoo wenyewe. Ukoo ulianza na Chojiro, aliyefariki 1589, mfinyanzi aliyefanya kazi na Rikyu. Tangu mwaka 2019 unaongozwa na kizazi cha 16.

Bakuli la raku haligusi gurudumu. Mfinyanzi hupiga donge la udongo kwa viganja liwe bapa, kisha huinua kingo taratibu kwa mikono miwili hadi zisimame. Huliacha likauke kiasi cha kushikika bila kubonyea, halafu huchonga kwa visu vya chuma: nje, ndani, mdomo, kitako. Ndiyo maana mdomo wake una vilima na mabonde madogo. Ukiuzungusha midomoni unahisi kila sehemu tofauti, na mnywaji hupata mahali panapomfaa pa kunywea.

Utando mweusi hutokana na mawe ya mto Kamo, yenye chuma na manganizi, yanayosagwa na kupakwa tabaka baada ya tabaka. Raku nyeusi huchomwa moja moja, katika tanuri dogo la mkaa linalopulizwa kwa mvukuto. Utando ukishayeyuka, bakuli hutolewa kwa koleo likiwa linawaka, likapoa hewani. Kupoa huko kwa ghafla ndiko kunakokaza weusi wake, na meno ya koleo huacha alama ubavuni. Alama ya koleo ni ila ya halali kabisa. Itafute kwanza unapotazama raku nyeusi.

Mambo yanayoharibika ni mengi. Udongo ukiwa na unyevu, bakuli hupasuka dakika za mwanzo. Likitolewa mapema, utando hukwaruza kama msasa. Likichelewa, utando huteremka na kung'aa kupita kiasi, na ule weusi mkavu wa Chojiro hupotea. Ufa wa moto ukifika chini mahali chai inapotuama, bakuli halina kazi. Ukiishia mdomoni unaweza kuzibwa: msanii Hon'ami Koetsu, aliyefariki 1637, ana raku nyekundu iitwayo Seppo, yenye nyufa kubwa za tanuri zilizojazwa laka na dhahabu, nayo inaheshimiwa kuliko maelfu yasiyo na ufa.

Udongo wa raku hauivi ukawa jiwe. Unabaki na vinyweleo kama mtungi wetu wa maji. Mtungi hupoza kwa kuvujisha jasho. Bakuli la raku, kwa vinyweleo hivyohivyo na ukuta mnene, huchelewesha joto kufika mkononi. Faida yake inaonekana kwenye chai nzito: gramu 3 hadi 4 za unga kwa kila mgeni, maji mililita 30 hadi 40 kwa kila mmoja, wote wakipokezana bakuli moja. Chai nyepesi ni gramu 2 kwa mililita 60 hadi 70, ya mtu mmoja. Kabla ya kutumia, loweka bakuli katika maji ya vuguvugu dakika chache. Ukimimina maji ya moto kwenye raku iliyo baridi na kavu, unaomba ufa, na harufu ya udongo itaingia kwenye chai.

Usiichanganye na raku ya kufukiza kwenye maranda ya mbao, yenye rangi za shaba zinazometameta. Ile ilianzia Marekani miaka ya 1960.

Siku ya 4: Daitoku-ji na Yamazaki

Siku fupi. Ndani ya eneo la hekalu la Daitoku-ji kuna Koho-an, ambako linahifadhiwa Kizaemon, bakuli la Korea la karne ya 16 na hazina ya taifa. Koho-an hufunguliwa kwa nadra, kwa hiyo wengi huishia kwenye picha. Tazama picha ya kitako chake: utando umejikunja ukawa shanga shanga nyeupe. Udongo wenye changarawe uliochongwa kwa haraka haukuushika vizuri, na moto haukuumaliza kuuyeyusha. Hakuna ajuaye jina la mfinyanzi. Matsudaira Fumai, mtawala wa Matsue, alilinunua kwa ryo 550, sarafu za dhahabu za zamani.

Alasiri, treni ya JR hadi Yamazaki, hekalu la Myoki-an, chumba cha Tai-an kinachonasibishwa na Rikyu. Mikeka miwili tu. Maombi ya kukitembelea hupelekwa mapema, na hutazamwa kutoka nje. Tazama madirisha madogo ya karatasi. Kwenye mwanga huo hafifu, kijani cha chai hukaa ndani ya weusi wa raku kama maji ya kisima. Chini ya taa kali za makumbusho hutaliona jambo hilo.

Siku ya 5: Shigaraki

Kutoka Kyoto badilisha treni Kusatsu, kisha Kibukawa, halafu reli ndogo ya Shigaraki Kogen hadi mwisho wa njia. Nyanda hizi zilikuwa chini ya ziwa Biwa la kale, na udongo wake una punje za feldispa zilizo kama mchele uliokatikakatika. Katika moto punje hutokeza nje na kuyeyuka nusu, zikaacha madoa meupe. Baadhi hupasuka na kufungua ufa mdogo wa nyota. Wafinyanzi wa hapa hawachekechi udongo wao hadi ukawa laini, maana wakifanya hivyo Shigaraki itakuwa imekwisha.

Mitungi ya zamani ilikuwa ya wakulima, ya mbegu na majani ya chai. Ilichomwa bila kupakwa chochote. Jivu la kuni za msonobari liliruka ndani ya tanuri, likatua kwenye bega la mtungi linalotazama moto na kuyeyuka likawa kioo cha kijani. Kwa hiyo mtungi una uso na mgongo: upande wa moto una kioo na makovu meusi, upande wa nyuma una wekundu mkavu. Ukiuzungusha unaweza kusema ulisimama wapi tanurini. Kioo cha kijani kikimwagika kutoka chini kwenda juu au pembeni, basi chombo kililala au kilianguka wakati wa kuchomwa. Watu wa chai huvipenda hivyo sana.

Kimtungi kifupi kinachoonekana kama mtu aliyechuchumaa kiliingia chumba cha chai kama chombo cha maua. Bwana wa chai Murata Juko, aliyefariki 1502, alionya katika barua yake dhidi ya wanaoanza kukimbilia vyombo vya Bizen na Shigaraki wakijidai wamefikia ladha ya ukavu na ubaridi, ilhali hawajajifunza vyombo vizuri vya kawaida. Onyo hilo lina zaidi ya miaka 500 na bado linafaa kubandikwa mlangoni mwa kila duka.

Ng'ambo ya kilima ni Iga, wenye udongo wa jamii moja na moto mkali zaidi. Mtungi wa maji wa Iga uitwao Yaburebukuro, yaani mfuko uliopasuka, uko katika Makumbusho ya Gotoh, Tokyo. Umelegea, umefura, na umepasuka sana sehemu ya chini. Barua ya Oribe ya kuusifu iliungua katika moto wa tetemeko la mwaka 1923. Mtungi umebaki.

Siku ya 6: Imbe

Okayama, kisha njia ya Ako hadi Imbe, mji wa Bizen. Udongo unaitwa hiyose na huchimbwa chini ya mashamba ya mpunga: mweusi, laini, unaonata, wenye chuma na mabaki ya mimea. Hauvumilii haraka. Ukipandisha joto upesi, gesi hukosa njia ya kutoka na ukuta hufura mapovu au kupasuka. Ndiyo sababu Bizen huchomwa polepole siku 10 hadi 14 kwa kuni za msonobari mwekundu, usiku na mchana, watu wakipokezana zamu. Hauna utando wa kupakwa hata kidogo. Juu ya mji kuna mabaki ya tanuri kuu la kusini, refu zaidi ya mita 50.

Mistari myekundu kama kamba juu ya udongo mweupe ni ya mabua ya mpunga. Yaliwekwa katikati ya vyombo ili visigandane, lakini potasiamu ya mabua ilikutana na chuma cha udongo ikachora. Leo yanafungwa kwa makusudi. Ukitaka kujua mfungaji ni stadi, tazama mstari unapopita kona ya bega. Bua lililolegea huacha mstari unaokatika hapo.

Duara jekundu lisilo na jivu ni mahali chombo kingine kiliketi juu yake. Kijivu chenye samawati ni sehemu iliyozikwa kwenye makaa, hewa ikakosekana.

Siku ya 7: Hagi

Basi kutoka Shin-Yamaguchi. Ufinyanzi wa Hagi ulianza ukoo wa watawala wa Mori ulipohamia hapa mwaka 1604, kwa mikono ya ndugu wawili wa Korea, Ri Shakko na Ri Kei. Udongo wa Daido ni mweupe wenye mchanga, huchomwa bila kuiva kabisa, na utando wake husinyaa kuliko udongo wenyewe. Tofauti hiyo ndiyo huzaa mtandao wa nyufa ndogo kwenye utando. Chai hupenya humo, na miaka inavyopita bakuli hubadilika rangi, jambo ambalo wenyeji huliita mabadiliko saba ya Hagi.

Bakuli jipya la Hagi huvuja, na hilo si kosa la muuzaji. Lichemshe taratibu katika maji yaliyooshea mchele au uji mwepesi wa wali, liache lipoe humohumo, wanga uzibe vinyweleo. Rudia likiendelea kuvuja. Kosa kubwa ni kulifungia sandukuni likiwa na unyevu: ukungu huingia kwenye nyufa, na doa lake la kijivu halitoki.

Siku ya 8: Karatsu

Kutoka Fukuoka treni hufuata pwani. Baadhi ya matanuri ya hapa, ya Kishidake, yalitangulia vita, lakini ukuaji mkubwa ulikuja baada ya Toyotomi Hideyoshi, mtawala wa Japani, kuivamia Korea mwaka 1592 na tena 1597. Majeshi yake yalipakia meli kwenye ngome ya Nagoya ya Hizen (si jiji la Nagoya la Siku ya 2), mwendo mfupi kutoka hapa. Wafinyanzi wengi wa Korea walikamatwa na kuvushwa bahari kwa nguvu. Anayesifu utulivu wa Karatsu na Hagi analazimika kulijua hilo, kwa sababu gurudumu la kupigwa teke na tanuri la ngazi vilikuja na watu hao.

Geuza bakuli. Udongo wa Karatsu una mchanga. Kisu kinapochonga kitako, hauteleziki bali huraruka, ukaacha makunyanzi kama ya kitambaa. Mara nyingi kitako ni kinene upande mmoja, mfano wa mwezi mwandamo, kwa sababu bakuli halikuketishwa katikati ya gurudumu wakati wa kuchongwa. Makunyanzi makali na makavu ni dalili njema. Yaliyolainika kwa msasa, au yaliyopakwa rangi ya kutu sawasawa kila mahali, ni dalili ya mtu aliyejaribu kuzeesha chombo kipya.

Siku ya 9: Kyoto tena

Asubuhi mtaa wa Shinmonzen kwa maduka ya vitu vya kale. Ikiwa ni tarehe 21 ya mwezi, nenda soko la hekalu la To-ji. Uliza sanduku kabla ya bei. Sanduku la mbao nyepesi za kiri lenye maandishi ya mfinyanzi mwenyewe huongeza thamani, na ndiyo maana masanduku halisi huuzwa matupu yakatiwa mabakuli yasiyo yake. Weka bakuli ndani: likicheza sana, au likikwama, au doa la ndani ya sanduku lisilingane na kitako, acha.

Alasiri ni kintsugi, uungaji kwa laka na dhahabu. Sisi tunasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa huzibwa, lakini fundi hataki usahaulike.

Kanda unga wa ngano na maji hadi ulainike kama ndewe ya sikio, kisha ongeza laka mbichi kiasi kilekile. Paka tabaka jembamba kwenye kingo zote mbili, unganisha, funga kwa utepe. Weka kwenye sanduku lenye joto la nyuzi 20 hadi 25 na unyevu wa asilimia 70 hadi 80, kwa wiki moja hadi mbili. Laka haikauki kwa kupoteza maji. Kimeng'enya chake huhitaji unyevu ili iwe ngumu; hewa ya Tanga ingeifaa kuliko ya Dodoma. Unyevu ukipungua hubaki inanata wiki nzima. Tabaka likiwa nene, ngozi ya juu hukomaa kabla ya ndani na kujikunja.

Mapengo madogo hujazwa laka iliyochanganywa na tonoko, unga laini wa udongo, si zaidi ya milimita 2 kwa mara moja. Baada ya kukomaa sugua kwa msasa wa maji, paka laka nyeusi, iache ikomae, sugua tena, rudia mara mbili au tatu. Mwisho laka nyekundu, nyembamba sana, na subiri hadi iwe nusu kavu. Hapa ndipo wengi huharibu: ukinyunyiza dhahabu mapema huzama na kufifia, ukichelewa haishiki. Kazi yote huchukua mwezi mmoja hadi mitatu. Vaa glavu muda wote, kwa maana laka mbichi hutoa vipele na muwasho wa siku nyingi.

Uungaji uliomalizwa kwa saa mbili ni gundi ya kisasa na mara nyingi unga wa shaba, utakaopoteza mng'ao wake. Kwa pambo la rafu inatosha, lakini bakuli hilo usilinywee chai.

Bakuli lililoungwa huoshwa kwa maji ya vuguvugu na vidole tu, bila sabuni wala sifongo ngumu. Lifute, liache kivulini siku tatu au nne likiwa limeegeshwa ili kitako kipate hewa. Likikauka lifunge kwa kitambaa, lirudishe kwenye sanduku uso wake wa mbele ukiwa upande wa maandishi, ndipo ufunge kamba.